Je, wajua kwa nini madhabahu ya Waisraeli ilidai chumvi na kukataa asali?

Nchi waliyoahidiwa Waisraeli ilisifiwa kwa maziwa na asali. Ungetegemea basi kwamba asali ndiyo ingekuwa ya kwanza kupelekwa madhabahuni. Lakini sura ya 2 ya Mambo ya Walawi, kitabu cha Biblia chenye sheria za sadaka, inakataza waziwazi: asali isiteketezwe kwa moto wa madhabahu, na chachu pia isiteketezwe. Kisha, mistari miwili tu mbele, inaagiza kwamba chumvi isikosekane katika toleo lolote. Kitamu kimekataliwa, chumvi imelazimishwa.

Kabla ya kufika huko, tusahau kidogo kikapu kinachopitishwa Jumapili na sarafu anayopewa maskini nje ya msikiti. Sadaka ya Waisraeli wa kale ilikuwa chakula: ng'ombe, kondoo, mbuzi, njiwa, unga, mafuta ya zeituni, divai. Paa na kulungu waliruhusiwa kuliwa, ila hawakutolewa madhabahuni. Kilichopelekwa ni kile ambacho mtu alikifuga au kukilima, akakitolea jasho.

Neno lao la jumla lilikuwa korban, na mzizi wake, k-r-b, ni wa kusogea au kusogeza karibu. Kiarabu kina mzizi huohuo, na sisi tukachota humo "karibu" na "akraba". Madhabahu kwa Kiebrania ni mizbeah, ndugu wa neno letu; zebah ni dhabihu; na "kafara" ina jamaa yake katika kitenzi cha Kiebrania cha kufanya upatanisho. Msomaji wa Kiswahili anayafungua Mambo ya Walawi akiwa tayari ameshika nusu ya msamiati, ingawa wengi wetu hatujui.

Sadaka inayotuhusu hapa ni ile ya unga. Mtu alileta unga mwembamba, akaumiminia mafuta, akaweka ubani juu. Kuhani alichota konzi moja pamoja na ubani wote, akaviteketeza. Unga uliobaki ukawa chakula cha makuhani. Ungeweza pia kuletwa ukiwa umeokwa tanuruni au umepikwa kikaangoni. Kwa maskini hohehahe unga ulikuwa mlango wa mwisho. Kama sheria ilimdai kondoo kwa ajili ya kosa lake na hakuwa na uwezo, alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Hata hao wakimshinda, alileta sehemu ya kumi ya efa ya unga, kama lita 2 hivi, bila mafuta na bila ubani.

Ubani ulikuwa ghali kwa sababu ulitoka mbali. Nabii Yeremia anataja ule wa Sheba, kusini mwa Arabia, na miti yake bado inagemwa Dhofar, Oman. Ni ubani uleule unaofukizwa majumbani Unguja na Mombasa, na hata jina halijahama sana: levona kwa Kiebrania, luban kwa Kiarabu, ubani kwetu.

Turudi kwenye katazo. Enzi hizo hapakuwa na hamira ya pakiti. Mpishi alibakiza kipande cha donge la jana, kikachacha, akakichanganya na unga wa leo. Chachu ilikuwa ni uchachu unaorithishwa siku hadi siku. Asali nayo ikichanganyika na maji huchacha. Neno lao la asali, devash, lilijumlisha pia asali ya tende, na kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani hiyo ndiyo hasa iliyokusudiwa. Mwaka 2007 mwanaakiolojia Amihai Mazar na wenzake wakafukua huko Tel Rehov, katika Bonde la Yordani, mizinga ya nyuki takribani 30 ya udongo na majani makavu, ya miaka 3,000 hivi iliyopita. Kwa hiyo nyuki walifugwa, tena kwa wingi.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba kuchacha ni mwanzo wa kuoza, na kilichoanza kuoza hakistahili moto wa Mungu aliye hai. Yanavutia, lakini yana tundu: divai. Divai imechacha, na bado kila mwanakondoo wa kuteketezwa alisindikizwa na robo ya hini ya divai, karibu lita moja. Ila divai ilimiminwa. Haikuwekwa motoni kama unga. Tena mikate iliyotiwa chachu ililetwa pamoja na sadaka ya shukrani, na miwili mingine katika sikukuu ya majuma. Asali yenyewe iliruhusiwa kama malimbuko. Katazo basi lilihusu moto wa madhabahu tu.

Maelezo ya pili yanawatazama majirani. Maimonides, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri karne ya 12, alisema waabudu sanamu walipenda kutoa vitu vitamu na vyenye chachu, bila chumvi, ndiyo maana Waisraeli wakaamriwa kinyume. Kuhusu asali hakubahatisha: katika maandishi ya Ugarit, kwenye pwani ya Syria, mfalme Keret anatoa asali katika bakuli la dhahabu. Lakini majirani walitoa pia mafahali, kondoo na uvumba, na Waisraeli hawakuviacha. Mimi naona maelezo ya kwanza yana uzito zaidi, pamoja na tundu lake.

Chumvi ni jambo jingine kabisa. Jibu la haraka ni kwamba chumvi huzuia nyama isiharibike. Sasa itazame sadaka ya amani, ile ambayo mtoaji mwenyewe aliila. Mafuta yaliteketezwa, kidari na paja la kulia vikaenda kwa makuhani, iliyobaki akala na watu wake. Kama ni ya shukrani, ilibidi iishe siku hiyohiyo. Kama ni ya nadhiri, siku ya pili. Ya siku ya tatu ilichomwa moto. Hakuna aliyeruhusiwa kuikausha na kuiweka akiba. (Na mbuzi mzima haliwi na watu watatu kwa siku moja: ilibidi uite majirani.) Chumvi ya nini, basi, kwenye nyama isiyoruhusiwa kukaa?

Ilikuwa chumvi ya mezani. Nabii Malaki anaiita madhabahu "meza ya BWANA", na wanaokula chumvi pamoja wamefungana. Katika kitabu cha Ezra, maofisa wa mfalme wa Uajemi wanaeleza utii wao kwa kusema wanakula chumvi ya jumba lake. Sura ya 18 ya kitabu cha Hesabu inalitaja "agano la chumvi", agano lisilovunjika. Waarabu mpaka leo husema kati yetu kuna mkate na chumvi.

Tena haikuwa adimu. Bahari ya Chumvi iko chini tu ya milima ya Yudea, na Mlima wa Sodoma kando yake kwa sehemu kubwa ni mwamba wa chumvi. Mfalme Artashasta wa Uajemi alipoidhinisha mahitaji ya hekalu aliwekea mipaka fedha, ngano, divai na mafuta. Chumvi aliiacha bila kiasi. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inakumbuka kwamba hekalu la pili lilikuwa na chumba maalumu cha chumvi, na kwamba iliruhusiwa kuinyunyiza kwenye mteremko wa kupandia madhabahuni ili makuhani wasiteleze.

Warumi walilibomoa hekalu hilo mwaka 70, na dhabihu za Yerusalemu zikakoma. Lakini Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, katika nyumba nyingi za Kiyahudi mkate hubarikiwa, kisha kipande huchovywa kwenye chumvi kabla ya kugawiwa. Mkate wenyewe umeumuliwa kwa chachu, na wapishi wengi huutia asali.