Fremu nyepesi haipandi mlima peke yake: dhana potofu za waendesha baiskeli na ukweli wake

Watu wakianza kupanga safari ya baiskeli kwenda milima ya Usambara, mazungumzo huishia kwenye fremu. Chuma, alumini au kaboni? Wiki nzima inapita kwenye hilo, akiba inakusanywa kwa ajili yake, na siku ya safari inafika huku matairi, breki na kiti vikiwa vilevile kama vilivyotoka dukani. Nadhani tunabishana juu ya kifaa ambacho mara nyingi ndicho chenye shida ndogo kuliko vyote.

Njia ninayoifikiria hapa ni ile inayoacha barabara kuu ya Segera kwenda Moshi pale Mombo, ikapanda kona kwa kona kupitia Soni hadi Lushoto, halafu ikaendelea Magamba, Lukozi na Mtae. Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33, na mwinuko unaopanda ni karibu mita 1,000. Upande mmoja una ukuta wa mawe, upande wa pili bonde, na katikati unapishana na mabasi na malori yanayoshusha kabichi na karoti. Ni njia nzuri mno. Pia ni kali, na ndiyo maana yale tunayoyaamini bila kuyapima hujulikana hapo mapema.

"Ukitaka kupanda mlima, punguza uzito wa fremu"

Tupige hesabu. Mwendeshaji ana kilo 70, baiskeli kilo 13, maji na vifaa kilo 2. Jumla ni kilo 85. Ukinunua fremu nyepesi kwa kilo moja nzima, umepunguza asilimia 1.2 ya mzigo wote unaoupandisha. Mtu wa kawaida anayetumia saa tatu kutoka Mombo hadi Lushoto ataokoa kama dakika mbili. Dakika mbili, kwa bei inayoweza kuwa mara kadhaa ya baiskeli aliyokuwa nayo.

Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, wengi wetu tulitazama zile baiskeli za kaboni zikipanda vilima na tukazitamani. Ni haki kuzitamani. Ila kwa mshindani, sekunde 20 ni medali, na hata yeye kanuni za shirikisho la dunia hazimruhusu kushuka chini ya kilo 6.8 kwa baiskeli nzima. Wewe unayekwenda kuona maporomoko ya Soni na kulala Lushoto, sekunde 20 unazimaliza ukifungua kifuniko cha chupa.

Kinachokupandisha ni gia nyepesi. Baiskeli ya kizamani isiyo na gia, tuseme ina meno 44 mbele na 18 nyuma, hukusogeza zaidi ya mita 5 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwenye mteremko wa kawaida ni raha, kwenye kona za Soni ni magoti kulia. Baiskeli ya milimani yenye meno 22 mbele na 34 nyuma hukusogeza mita 1.3 hivi. Unakwenda polepole lakini unakwenda, na pumzi inabaki. Kwa hiyo ukiwa dukani hesabu meno ya gia ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma kabla hujainua baiskeli kwa mkono kupima uzito. Na usibabaishwe na maandishi ya "gia 21" au "gia 27": nyingi kati ya hizo zinarudiana. Gia nyepesi kuliko zote ndiyo ya kuulizia.

"Chuma ni cha zamani, alumini haivunjiki, kaboni ni kioo"

Sentensi moja, makosa matatu. Chuma kina sifa ambayo alumini haina: kikibebeshwa mzigo ulio chini ya kiwango fulani, kinaweza kuvumilia kutikiswa mara nyingi ajabu bila kuchoka. Alumini huchoka kidogo kidogo kwa kila mtikisiko, na ndiyo maana fremu zake hutengenezwa kwa mabomba manene ili mzigo usambae. Ikipata ufa, si ya kupeleka kwa fundi wa mageti. Joto la kuchomelea huilegeza alumini kando ya kiungo, na kuirudishia nguvu kunahitaji tanuri na ujuzi maalumu. Chuma kikipata ufa Lukozi, yupo fundi atakayekifunga ufike nyumbani.

Kaboni nayo haivunjiki ovyo. Kwa mizigo iliyokusudiwa ni imara sana. Udhaifu wake ni pigo la upande, kama jiwe lililoruka au baiskeli kuangukia kona ya ngazi, kwa sababu nyuzi za ndani zinaweza kuachana huku rangi ya nje ikionekana salama. Mafundi wa kaboni wapo na inatengenezeka, lakini si Mtae. Kwa safari za vumbi, mbali na miji, mimi ningechukua chuma au alumini nzima, nikatumia tofauti ya bei kununua matairi mazuri.

Na kama unanunua baiskeli ya mtumba, jambo la maana kuliko aina ya madini ni historia ya fremu hiyo. Igeuze chini juu. Pitisha ukucha chini ya bomba kubwa linaloshuka kutoka kwenye usukani, sentimita chache nyuma ya pale linapoungana na shingo. Ukihisi mkunjo, au ukiona rangi imepata mistari myembamba kama ngozi ya kiwiko, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele. Iache, hata kama muuzaji ameing'arisha. Kisha simama nyuma yake ukiwa umefumba jicho moja: tairi la mbele linapaswa kujificha sawasawa nyuma ya lile la nyuma.

"Kiti kiwe chini, miguu ifike ardhini"

Hii nadhani ndiyo inayoumiza watu wengi kuliko zote, kwa sababu inaonekana ni usalama. Ukikaa kitini huku nyayo zote mbili zikiwa chini, basi goti lako halitanyooka hata mara moja unapokanyaga pedali. Kwa kilomita mbili za kwenda sokoni, sawa. Kwa 33 za kupanda, maumivu mbele ya goti yatakufuata hadi kesho yake, na utalaumu mlima.

Pima hivi. Egemea ukuta, kaa kitini, weka kisigino (siyo kidole) juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinamia upande. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti linabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo penyewe. Wanaopenda namba huzidisha urefu wa mguu wa ndani, kutoka kwenye kinena hadi sakafuni, kwa 0.883, ukiwa na sentimita 80 unapata 70.6, unazipima kutoka katikati ya ekseli kubwa iliyo ndani ya fremu, ile inayozungusha mikono ya pedali, hadi juu ya kiti. Ni mahali pa kuanzia, rekebisha kwa kuhisi. Ukisimama barabarani, teremka kitini uweke mguu chini. Hilo huzoeleka haraka.

Bomba la kiti lina alama ya mwisho wa kulivuta. Likivuka alama hiyo, linaanza kuchana fremu kwa juu. Ukilazimika kuivuka, fremu ni ndogo kwako, na hapo ndipo saizi inapokuwa na maana. Saizi ya fremu, tafadhali, haitokani na saizi ya rimu. "Ishirini na sita" ni tairi. Watu wawili wenye urefu sawa wanaweza kuhitaji fremu tofauti, kwa kuwa mmoja ana miguu mirefu na mwingine kiwiliwili kirefu.

Kiti laini na kinene nacho husifiwa bure. Kwa nusu saa ni raha, kwa saa nne sponji inabonyea na kuminya nyama laini za katikati, wakati uzito ulipaswa kubebwa na mifupa miwili ya makalio. Kiti kigumu kiasi chenye upana unaolingana na mifupa hiyo huvumilika zaidi.

"Jaza tairi mpaka liwe jiwe"

Kwenye lami laini kama meza, upepo mwingi husaidia kidogo. Barabara zetu haziko hivyo. Tairi gumu likikutana na kokoto haliimezi, linainua baiskeli nzima pamoja na wewe, na nguvu iliyotakiwa kukusogeza mbele inapotea kwenye mtikisiko. Wenyewe washindani wa Ulaya wameliona: miaka kadhaa iliyopita walikuwa wakitumia matairi ya milimita 23 yaliyojazwa sana, leo milimita 28 na zaidi, kwa upepo mdogo, ni jambo la kawaida hata kwenye lami.

Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, haimaanishi ndiyo ya kujaza. Tairi pana la inchi 2 linaweza kuandikwa PSI 65, lakini mtu wa kilo 70 kwenye vumbi na mawe ya kwenda Mtae anatosheka na 35 hadi 40. La nyuma lizidi la mbele kidogo kwa kuwa linabeba uzito mkubwa zaidi. Usishuke mno pia: tairi likilegea sana, jiwe hubana tyubu dhidi ya rimu na kutoboa mashimo mawili yaliyokaa sambamba. Ukikuta pancha ya mashimo mawili, tatizo ni upepo. Ukikuta tundu moja, tafuta mwiba. Pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote kabla ya kuweka tyubu mpya, maana mwiba wa mgunga hukatika na kubaki umejificha kwenye mpira, na tyubu ya akiba utaitoboa palepale ulipokaa. Ninapendekeza faraja hii ya tairi kwa nguvu zote: wanaolalamika kwamba fremu ya alumini inawapiga mgongo, wengi wao wangepona kwa kupunguza upepo tu.

"Breki ya mbele itakurusha"

Kwa imani hii, wapo wanaoilegeza, na wapo wanaoing'oa kabisa. Unapofunga breki uzito mwingi husogea mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi na kuteleza mapema. Kwenye lami kavu, breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukusimamisha. Kinachorusha watu ni kuibana ghafla huku mikono imelegea na mwili uko mbele. Rudisha makalio nyuma, kaza mikono, bana taratibu ukiongeza. Kwenye kokoto na udongo mwekundu uliolowa, hasa ukiwa umelala kwenye kona, ipunguze na utegemee zaidi ya nyuma.

Kushuka kutoka Lushoto ndiko kunakohitaji busara zaidi. Kilomita nyingi za mteremko zikishikiliwa na breki iliyobanwa muda wote huchemsha rimu au diski, na mpira wa breki huanza kukosa nguvu. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, acha vipoe, bana tena. Baiskeli zenye rimu za chuma zilizopakwa kromu zina tatizo lao: zikilowa, breki hushika kidogo sana. Mvua ikikukuta nazo juu ya Soni, teremka ukokote.

Vifaa, kwa ufupi

Oili chafu ya gari kwenye mnyororo, ambayo mafundi wengi huimwaga kwa wema, imebeba vipande vya chuma vya injini na hukusanya vumbi hadi mnyororo unakuwa msasa. Tone moja la oili safi kwa kila kiungo, zungusha pedali, kisha futa ya nje yote kwa kitambaa. Mnyororo mpya hupima inchi 12 kamili kwa viungo 12 kamili (kiungo kamili ni cha ndani pamoja na cha nje), pini hadi pini. Rula ikisoma 12 na moja ya kumi na sita, badilisha, kabla haujala meno ya gia ambayo ni ghali zaidi.

Madigadi ni mazuri kwenye lami iliyolowa. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata, matope hujaa kati ya madigadi na tairi hadi gurudumu linagoma kabisa. Mzigo uweke kwenye keria, chini, siyo mgongoni. Na kofia ngumu iliyowahi kupigwa chini kwa nguvu imekwisha kazi yake, hata isipoonyesha ufa.

Wapo wanaoamini pia kwamba hifadhi za wanyama zote zimefungwa kwa baiskeli. Hell's Gate, karibu na Naivasha, unaingia kwa pedali na kupita kando ya pundamilia na twiga, ukiwaachia nyati nafasi yao. Msitu wa Karura ndani ya Nairobi nao una njia za baiskeli.

Mwisho ni taa. Mtu husema hatatembea usiku, kwa hiyo hazihitaji. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na mwanga unaobaki haudumu zaidi ya dakika 20 hivi. Pancha moja Magamba saa 11 inatosha kukukutanisha na giza kabla ya Lushoto, na malori ya mboga hayasubiri asubuhi. Nyekundu nyuma, nyeupe mbele, zimejazwa chaji tangu jana yake. Ondoka Mombo saa 12 asubuhi kabla bonde halijapata joto, na panga kuwa umeshafika unakolala saa 10 alasiri.