Jirani Yako Hakupewa Kitu

Mwezi huu ni simu ya tatu kutoka kwa mwenye yadi ya magari, na zote zinaanza vilevile. "Dada habari, samahani kwa usumbufu. Huyu wa ng'ambo ya barabara ana bango la futi 35. Mimi mji unaniambia futi 8. Yeye kapewa, kwa nini mimi ninyimwe?"

Nimechoka, jamani. Naandika ili siku nyingine nitume kiungo tu, nisiongee nusu saa gari likiwa limeegeshwa kando ya barabara kuu.

Wanaonijua wanajua kazi yangu: nahangaikia vibali vya mabango hapa Ohio, Marekani. Mchana niko na mafundi tunapima nguzo. Jioni nasimama mbele ya bodi ya rufaa za zoni (zoni ni kanuni za mji za nini kijengwe wapi na kwa ukubwa gani), watu watano waliotoka makazini kwao na bado hawajala, niwaeleze kwa nini mwenye yadi ya magari anataka bango kubwa kuliko kanuni inavyoruhusu. Ruhusa hiyo ya kuvuka kanuni inaitwa veriansi. Mimi kwa Kiswahili naiita nafuu. Na siku hizi wenzetu wengi wana yadi. Wapo wanaouza hapahapa, wapo wanaopakia kontena za Mombasa na Dar, na wote wanataka bango linaloonekana kutoka mbinguni.

Turudi kwa jirani. Kabla hujasema kapewa, nenda ofisi ya zoni uombe faili lake. Ni bure au karibu na bure, na mara nyingi utakuta hakuna ombi lolote la nafuu ndani yake. Jirani hakupewa kitu. Nguzo yake ilisimikwa kabla kanuni ya sasa haijaandikwa, na mji ulipobadilisha kanuni haukuweza kumwambia aking'oe kitu alichokijenga kihalali. Kwa hiyo bango liko pale kama babu aliyekuwamo kabla nyumba haijapangishwa, na hakuna wa kumtoa.

Lakini babu huyo anaishi kwa masharti. Sheria ya Ohio inalinda matumizi halali yaliyotangulia kanuni, ila yakiachwa kwa hiari kwa miaka 2, au kwa muda mfupi zaidi ambao mji umeuweka, yanakufa na hayafufuki. Miji mingi nayo inaongeza masharti yake kwenye sehemu ya kanuni inayohusu mabango: badilisha uso wa plastiki upendavyo, lakini ukigusa nguzo, ukiongeza kimo, au lori likiligonga likaanguka, utakalojenga upya ni la futi 8 kama wenzako.

Nilikwenda kuliona bango la jirani wa huyu aliyenipigia. Miguu miwili ya chuma, kutu imekula pale inapokutana na zege mpaka inameguka kwa kucha. Uso umepakwa rangi juu ya rangi, na jua la saa kumi jioni likipiga kutoka nyuma unasoma chini yake herufi za duka la mazulia. Mwenyewe haligusi, na anajua kwa nini. Sasa wewe unataka kupiga picha kitu hicho, uipeleke kwenye bodi kama hoja yako? Niliwahi kumwona mtu kaja na picha sita kubwa za mabango ya jirani, kazibandika kwenye ubao vizuri kabisa. Mwenyekiti akazitazama, akamshukuru, akasema: "Hayo ndiyo tunayosubiri yafe."

Haya, tuseme jirani alipewa kweli. Bado haikusaidii sana, na hapa ndipo watu wanaponikasirikia. Nafuu haipewi mtu, inapewa ardhi. Mwenye kiwanja akiuza, inabaki na kiwanja. Kanuni imeandikwa kwa viwanja vyote kwa pamoja, na kuna viwanja vichache ambavyo kwa umbo lao, mteremko wao, au daraja lililojengwa mbele yao, kanuni hiyo inawabana kuliko wengine. Nafuu ni ya viwanja hivyo. Jirani kama kiwanja chake kiko nyuma ya tuta la daraja, na chako kiko tambarare kama meza, shida yake siyo shida yako hata kama mmetenganishwa na barabara moja.

Kwa haki ya mambo, niseme pia upande wa pili. Huko New York mahakama ilisema mwaka 1986 kwamba bodi ikitoa uamuzi tofauti kwa mambo yaliyo karibu sawa kabisa, lazima iseme sababu. Hilo ni jambo la maana. Lakini lisome vizuri: bodi inaweza kubadili msimamo, inaweza hata kukataa kurudia kosa lake la zamani. Inachotakiwa ni kueleza. Na "karibu sawa kabisa" ni mlima wa kupanda, si ngazi.

Hapa kwetu Ohio, mwaka huohuo wa 1986, kesi ya Duncan dhidi ya kijiji cha Middlefield ilitupa mambo saba ya kupima nafuu ya vipimo, yaani kimo, eneo, umbali kutoka barabarani. (Nafuu ya matumizi, yaani kutumia ardhi kwa kazi isiyoruhusiwa pale, ni habari nyingine na ngumu zaidi; bango halihusiki nayo.) Sitayapitia yote saba. Mengine kwa bango ni kupoteza pumzi: je, huduma za serikali zitaathirika? Hapana, gari la zimamoto halizuiwi na bango la kuuzia Corolla. Je, ulinunua ukijua kanuni ipo? Ndiyo, kila mtu anahesabiwa anajua, na bado hilo peke yake halikuui.

Linaloua ni hili: je, shida yako inaweza kuondoka kwa njia nyingine, bila nafuu? Mwanabodi mwenye akili anakwenda moja kwa moja hapo. Mama mmoja mzee, kanyamaza kikao kizima, aliniuliza swali moja tu: "Ukipogoa ule mti?" Nikakosa jibu. Mti uliokuwa ukiziba bango ulikuwa wa mteja wangu mwenyewe.

Na njia nyingine karibu kila mara ipo, kwa sababu watu wanachanganya kimo na kusomeka. Mafundi wana kipimo chao cha mkononi: kila inchi ya herufi inasomeka vizuri kwa umbali wa futi 10 hivi. Herufi ya inchi 12, futi 120. Gari linalokwenda maili 45 kwa saa linakata futi 66 kwa sekunde. Maana yake dereva ana chini ya sekunde mbili. Sasa mteja wangu anataka ndani ya sekunde hizo dereva asome jina la yadi, jina la mwenye yadi, namba ya simu, "mikopo kwa wote", na aone bendera nne. Ukilipandisha bango hilo futi 35, herufi zinabaki ndogo vilevile, sasa ziko mbali zaidi na jicho. Futa maneno, kuza herufi. Ushauri huu ni wa bure na hakuna anayeupenda.

Wale wa magari mapya wana wimbo wao: "Kiwanda kimenilazimisha." Ni kweli, watengenezaji magari wana michoro yao ya mabango na wanaisukuma. Lakini huo ni mkataba wako na kiwanda. Ardhi haikutia sahihi. Nimeona kiwanda kikisema haiwezekani kabisa, halafu bodi ikikataa, wiki inayofuata linatokea bango dogo kutoka kwenye katalogi ileile.

Jambo jingine, haraka: bodi isikuulize bango litaandikwa nini. Tangu kesi ya Reed dhidi ya mji wa Gilbert, Arizona, mwaka 2015, ambapo kanisa dogo liliushinda mji uliobana mabango yake ya kuelekeza watu ibadani kuliko mabango mengine, mji ukianza kupanga kanuni kwa maneno yaliyomo unajitafutia balaa. Wakijadili vipimo, wajadili vipimo. Wakianza "yadi za magari tumezichoka", andika maneno hayo kama yalivyo, pamoja na jina la aliyesema. Uamuzi ukienda vibaya una siku 30 za kukata rufaa mahakamani.

Sasa nikiri. Nimeshinda maombi ambayo kwa haki ningeshindwa, na nimeshindwa moja ambalo hadi leo naamini lilikuwa safi. Mambo yale saba yananyumbulika kama mpira. Kiwanja hichohicho, ombi lilelile, mwanabodi mmoja akiwa na mafua nyumbani, kura inageuka. Nawaambia wateja kuwa ardhi ndiyo inayoamua, na naliamini hilo siku nyingi, siyo zote. Ila kama ni bahati nasibu, basi anayekuja na vipimo vya mteremko ananunua tiketi nyingi kuliko anayekuja na picha za jirani.

Huyu wa simu ya tatu nilimwomba anitumie kanuni ya mji wake. Ukurasa wa vipimo unasema kimo cha bango kinapimwa kutoka usawa wa katikati ya barabara, siyo kutoka ardhini bango lilipo. Tukaenda na kamba na bomba la maji la kupimia usawa. Kiwanja chake kimeinama futi 6 chini ya lami. Yaani anaweza kusimamisha bango la futi 14 kutoka kwenye changarawe zake kwa kibali cha kawaida, bila bodi, bila mimi, bila kumsumbua mtu jioni.

Nikampigia kumweleza. Akanyamaza kidogo.

"Sawa, dada. Lakini yule wa futi 35?"