Kutembelea shule ya ng'ambo: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Vijana wakishakutana, urafiki huja wenyewe.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kuwa watu wa makundi tofauti wakikutana, chuki hupungua zaidi pale wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano katika kulifikia, na wakubwa wanaounga mkono jambo lenyewe. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa si lazima yote manne yatimie, ila yakitimia matokeo huwa makubwa zaidi. Sasa itazame ziara ya kawaida: wageni viti vya mbele, wenyeji wanaimba, hotuba tatu, picha ya pamoja, basi linaondoka. Hadhi sawa iko wapi hapo? Na kazi ya pamoja?

Punguzeni hotuba, mpange vikundi vya watu wanne: wageni wawili, wenyeji wawili. Wapeni dakika 40, karatasi moja kubwa na kalamu moja, kila mmoja achore njia yake ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Karatasi iwe moja kweli. Mkigawa mbili, wageni watajifungia na yao na wenyeji na yao, na hamtaona tofauti na kukaa vyumba viwili. Kalamu ikipita mkono kwa mkono, maswali huanza yenyewe: "Huu mstari ni mto? Unavukaje mvua ikinyesha?"

Dhana: Mwanafunzi akinyamaza, hajui au hataki.

Huenda anatafsiri kichwani, au kwao mdogo hajibu kabla ya mkubwa. Mtafiti Mary Budd Rowe alipima madarasa na kukuta walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde moja tu au pungufu. Waliposubiri sekunde 3, majibu yalirefuka na waliozoea kukaa kimya walianza kusema. Huyo ni mtoto anayetumia lugha yake. Anayejibu kwa lugha ya kigeni mwongezeeni muda.

Tatizo jingine ni swali lenyewe. "Unaipenda shule yako?" huleta "ndiyo", kisha kimya. "Kengele ya mwisho ikilia, unaelekea wapi?" huleta maelezo.

Dhana: Mkalimani akiwepo, lugha si tatizo.

Mkalimani husubiri msemaji amalize ndipo atafsiri, kwa hiyo mazungumzo ya dakika 30 hula karibu saa nzima. Ratiba nyingi huvurugika hapo. Semeni sentensi mbili fupi, mnyamaze. Mtazameni mwanafunzi, si mkalimani, na utani wa kuchezea maneno uacheni nyumbani.

Dhana: Mwalimu akiruhusu, piga picha.

Ruhusa ya mwalimu mara nyingi haitoshi. Shule nyingi hutaka idhini ya maandishi ya mzazi, na huwa na orodha ya watoto wasioruhusiwa kupigwa picha. Ombeni orodha hiyo siku kadhaa kabla. Hata sura isipoonekana, nembo ya shule kwenye sweta humweleza yeyote mtoto huyo hupatikana wapi.

Dhana: Pasipoti na tiketi vinatosha.

Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha. Mtoto anayesafiri bila wazazi awe na barua ya idhini iliyosainiwa na wote wawili; pengine hutakiwa ithibitishwe na wakili. Kalenda nayo ina mitego: Julai shule nyingi za Ulaya zimefungwa, na Australia mwaka wa masomo huanza mwishoni mwa Januari. Wiki ya mitihani ni mbaya kuliko hata likizo, maana mtapokelewa kwa heshima na kila mtu atakuwa anatazama saa.

Dhana: Zawadi nyingi ndiyo adabu.

Zawadi kwa mtoto mmoja mmoja huleta wivu mkishaondoka, na hiyo hadhi sawa ya awali hupotea: mmoja mtoaji, mwenzake mpokeaji. Kabidhini kitu kimoja cha shule kupitia mwalimu mkuu, mkiwa mmeuliza mapema kinachohitajika. Ile michoro ya vikundi ibaki ukutani kwa wenyeji. Wageni waondoke na picha zake.