Nani Aliyesema? Neno "Inasemekana" katika Mazungumzo ya Redio

Kwa miaka mingi nimekuwa mtayarishaji wa mazungumzo ya redio hapa Mombasa, ambamo waandishi wa habari huketi mbele ya kipaza sauti, si kusoma taarifa, bali kueleza walivyozipata na wanavyozielewa. Katika kazi hiyo kuna neno moja ambalo siliachi lipite, nalo ni "inasemekana". Katika umbo lake mtendaji ameondolewa kabisa. Mwandishi anaposema "inasemekana mkataba umeshatiwa saini", msikilizaji hana njia ya kujua kama aliuona mkataba wenyewe, aliambiwa na karani, au aliokota habari hiyo katika kundi la WhatsApp. "Duru za kuaminika" ni jamaa yake wa karibu. "Inadaiwa" ina mahali pake mahakamani, ambako mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe, lakini hata huko mdai yupo, kwa hiyo atajwe.

Mfano ninaoukumbuka vizuri ni wa Mei 2024. Tarehe 12 ya mwezi huo intaneti ilizorota Afrika Mashariki, na siku mbili baadaye tulimwalika mwandishi wa habari za teknolojia, ambaye alianza kwa kusema: "Inasemekana kebo zimekatika baharini." Mtangazaji akamwuliza ni kebo zipi, zimekatikia wapi, na aliyejua amejuaje. Hapo ndipo mazungumzo yalipopata mwili. Tulielezwa kwamba zilizoharibika ni EASSy na Seacom, karibu na Afrika Kusini, na kwamba mafundi hutuma mwale wa mwanga ndani ya uzi wa kioo, wakapima muda unaochukua kurudi, na kwa hesabu hiyo wakakadiria palipokatika.

Mama mmoja akapiga simu kutoka Likoni: "Mwanangu, hiyo waya si yaingilia papa hapa kwetu pwani? Mbona ni sisi twakosa?" Lilikuwa swali bora kuliko yote tuliyokuwa tumeyaandika. Ni kweli kebo kadhaa zinatua Mombasa, ikiwemo TEAMS ya mwaka 2009 inayokwenda hadi Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Hata hivyo, kebo za Bahari ya Shamu, Seacom ikiwa miongoni mwake, zilikuwa zimeharibika tangu Februari mwaka huo, sehemu ya mawasiliano ikahamishiwa njia ya kusini, na njia hiyo ndiyo iliyokatika Mei.

Siasa ni ngumu zaidi, kwa sababu mwandishi ana haki, na mara nyingi wajibu, wa kumficha aliyempa habari. Ninachomwomba mgeni wangu kabla hatujaingia hewani ni aniambie umbali wa mtu huyo na tukio: alikuwamo chumbani, aliisoma barua, au alisimuliwa na aliyekuwamo? Hayo yanaweza kutamkwa bila kumfichua mtu. Kifungu cha 33 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza lakini hakilindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na sisi tuliokuwa kazini Desemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, tunajua jinsi neno lisilo na mwenyewe linavyoweza kuwasha moto na pia kutumiwa kuwa sababu ya kutufungia sote.

Nami nimewahi kulegea. Katika kampeni moja mgeni wetu alisema kwamba inasemekana mgombea fulani amegawa pesa usiku katika wadi yake. Nilikuwa upande wa pili wa kioo, mkono uko kwenye kitufe cha kuzungumza na mtangazaji sikioni, na sikukibonyeza. Kufikia magharibi kipande hicho cha sauti kilikuwa kinazunguka kwenye simu za watu kikiwa na maneno "redio imethibitisha". Habari iliyokuja kwetu haina mwenyewe ilikuwa imetoka kwetu ikiwa na mwenyewe, nasi ndio tuliokuwa mwenyewe huyo.

Kesho yake tulisahihisha saa ile ile, kwa sauti ya mtangazaji yule yule, kwani wanaosikiliza saa hiyo ndio waliolisikia kosa. Tulisema wazi kwamba hatukuwa na shahidi wala hati, na tukarudia masahihisho hayo jioni.