Je, wajua kwa nini jua peke yake halimtoshi mgonjwa wa figo?

Mtu mwenye figo mbovu anaweza kushinda juani, akala na samaki, na bado mifupa ikadhoofika. Vitamini D anayo, ila iliyo nyingi imelala. Iwe imetoka kwenye ngozi, chakula au kidonge cha kawaida, haifanyi kazi ipasavyo mpaka ipite kwenye ini, kisha kwenye figo.

Ngozini kuna kemikali ya jamii ya kolesteroli. Mionzi ya urujuanimno aina ya B ikiipiga, kemikali hiyo hubadilika, na joto la mwili huikamilisha kuwa vitamini D3. (Mionzi hiyo haipenyi kioo cha dirisha, ukiota jua ndani ya nyumba unaambulia joto tu.) Damu huipeleka kwenye ini, nako hupachikwa oksijeni na hidrojeni kwenye kaboni namba 25 (atomu za kaboni za molekuli hiyo zimepewa namba). Hapo inaitwa kalsidioli. Kwa kuwa haipotei upesi kwenye damu, ndiyo ambayo maabara hupima. Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania walipopimwa, katika utafiti uliochapishwa 2012, wastani wa kalsidioli yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita ya damu, wakati 50 huhesabiwa kuwa inatosha.

Lakini kalsidioli ni akiba tu. Mwaka 1970, watafiti Fraser na Kodicek wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba hatua ya mwisho hufanyika kwenye figo: kaboni namba 1 nayo inapachikwa oksijeni na hidrojeni, tunapata kalsitrioli, homoni kamili inayodumu saa chache.

Figo haiitengenezi ovyo. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, tezi za parathiroidi, vijitezi vinne vya shingoni, huituma figo iongeze kasi. Kalsitrioli ikizidi, figo hiyohiyo huivunja. Kazi kubwa ya kalsitrioli iko kwenye utumbo: huingia hadi kiini cha seli na kuwasha jeni za kufyonza kalsiamu. Bila hiyo utumbo huchukua asilimia 10 hadi 15 ya kalsiamu ya chakula. Ikiwepo, 30 hadi 40.

Ndiyo maana mgonjwa wa figo huweza kuandikiwa alfakalsidoli, dawa ambayo kaboni namba 1 imeshashughulikiwa kiwandani. Ini humalizia namba 25. Lakini lazima apimwe kalsiamu mara kwa mara, maana kidonge hakisubiri amri ya tezi.