Mipango miji si kuchora maghorofa

Mipango miji ni kazi ya kuamua ardhi ya mji itumikeje kabla haijajengwa: barabara zipite wapi, shule na soko zikae wapi, mtaro wa mvua uelekee wapi, watoto wachezee wapi mpira. Msanifu majengo anaanzia kwenye mpaka wa kiwanja na kuingia ndani. Afisa mipango miji anashughulika kwanza na kile ambacho si cha mtu mmoja.

Maana yenyewe haina ugumu, ila mashindano ya "chora mji wa ndoto yako" huipotosha kila mara. Watoto wanaleta maghorofa ya vioo na madaraja ya juu, kisha inatangazwa kwamba wamejifunza mipango miji. Wamejifunza kuchora majengo. Ni jambo jema, lakini ni jambo jingine.

Watu wazima nao wana kosa lao: "Mtaa wetu umepangwa, bikoni zipo." Bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja, ni kazi ya mpima. Serikali ya Tanzania husema kupanga, kupima na kumilikisha, na mfuatano huo una sababu. Mpima anaweza kuweka bikoni kwa usahihi kamili katika mtaa ambao gari la kunyonya majitaka haliwezi kuingia. Kwenye urasimishaji, yaani kuyapima na kuyatolea hati makazi holela, hali hiyo ni ya kawaida: nyumba zimeshasimama, na njia haipatikani mpaka kila mwenye kiwanja akubali kumega kidogo upande wake. Hati inaweza kutoka, na mtaro wa mvua bado ukakosa pa kupita.

Tofauti kati ya mipango na majengo inaonekana wazi Kariakoo, Dar es Salaam. Mitaa yake ilinyooshwa wakati wa ukoloni, mistari inayokatana, na viwanja vikajengwa nyumba za Kiswahili za chini: korido katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, baraza mbele. Nyumba nyingi kati ya hizo zimebomolewa na maghorofa yamepanda palepale. Usanifu umebadilika karibu wote, lakini mitaa kwa sehemu kubwa ni ileile, na sasa inabeba watu na mizigo ya maghorofa. Mwekee mtoto picha ya Kariakoo ya zamani na ya leo, ataona miji miwili. Mwekee ramani mbili, ataona mji mmoja.

Sanaa inafaa kufundishia jambo hili kwa sababu mchoraji hufunzwa kutazama nafasi iliyo kati ya vitu, na nafasi hiyo ndiyo malighafi ya mpangaji. Vifaa ni karatasi nyeupe ya manila ya sentimita 50 kwa 40, karatasi nyeusi, mkasi na rula. Skeli ni 1:200, yaani sentimita 1 ni mita 2. Watoto sita wakate kila mmoja nyumba nne nyeusi za sentimita 5 kwa 4, kisha wazipange watakavyo. Waongeze kiwanja cha mpira cha sentimita 15 kwa 10. Gundi isiguswe mpaka mwisho, maana mtoto aliyeshabandika hutetea nyumba yake hata ikiwa katikati ya njia.

Halafu kata gari la zimamoto la kadibodi, sentimita 4 kwa 1.25, walisukume hadi kila mlango bila kukanyaga cheusi. Njia ya sentimita 2 italipitisha likienda moja kwa moja, lakini kwenye kona ya mraba litakwama. Njia ya sentimita 3 italigeuza. Hapo ndipo watoto huanza kusogeza nyumba za wenzao na kubishana nani apungukiwe, na ubishi huo usikatizwe haraka: kupatanisha wanaogombea ardhi ni sehemu ya kazi yenyewe.

Matatizo mawili hujirudia. La kwanza ni skeli kupotea, hasa watu wanapochorwa wakubwa kuliko milango. Tumia punje za mchele: punje ikilazwa, urefu wake unakaribia wa mtu kwenye skeli hii. La pili ni madirisha na milango ya mbele kuchorwa kwenye ramani. Laza kiboksi cha kiberiti sakafuni, mtoto asimame akikitazama kutoka juu achore anachoona, kisha ainame mpaka jicho lifike usawa wake achore tena. Ramani ni mchoro ule wa kutoka juu, na michoro hiyo miwili haichanganywi.

Wakishazoea, waulize ni majengo gani yaachwe meupe ndani. Giambattista Nolli, msanifu na mpima wa Kiitaliano, katika ramani yake ya Roma ya 1748, alitia nyumba za watu rangi nzito lakini akaacha ndani ya makanisa peupe kama mitaa, kwa kuwa umma uliingia humo. Kwa kanuni hiyo, sakafu ya Soko la Kariakoo lililosanifiwa na msanifu majengo Beda Amuli ingeachwa nyeupe, na duka la jirani lenye geti lingebaki jeusi.

Shindano la mji wa ndoto liendelee, ila liitwe shindano la kuchora majengo. Anayetaka kushindanisha mipango miji abadilishe agizo: watoto wapewe nyumba zilizokwisha kukatwa, zinazofanana kwa wote, na alama zitolewe kwa sehemu nyeupe tu.