Kwa nini karatasi ya kura inapangwa vile?

Hivi ushawahi kuiangalia vizuri karatasi ya kura kabla hujaweka tiki? Wengi wetu tunatafuta picha ya mtu wetu, tunaweka tiki, tunakunja, tunatumbukiza, basi. Ila kila kitu pale, picha, nafasi kati ya majina, kiboksi cha tiki kimekaa wapi, hadi karatasi itakavyokunjwa, kuna mtu alikaa akakipanga, na akikosea kidogo tu kura za watu zinapotea.

Mfano ni Florida, Marekani, mwaka 2000. Kaunti ya Palm Beach ina wazee wengi na mwaka ule wagombea urais walikuwa 10, sasa msimamizi wa uchaguzi akaona akiwabananisha wote upande mmoja herufi zitakuwa ndogo, wazee hawatasoma, kwa hiyo akakuza herufi na majina akayagawa kushoto na kulia, katikati ndo ukakaa mstari wa matundu, maana kule walikuwa wanapiga kura kwa kutoboa kadi. Nia nzuri kabisa. Fuata na kidole sasa: kushoto juu ni Bush, tundu la kwanza, sawa. Chini yake Gore, kwa hiyo la pili ndo lake si ndiyo? Hapana, la pili ni la Buchanan aliyekaa kulia, la Gore ni la tatu! Kuna waliotoboa la pili wakaondoka zao, wengine wakashtuka wakatoboa na la tatu wakidhani wamerekebisha, kumbe ndo wameiharibu kabisa. Kadi zaidi ya 19,000 za kaunti hiyo moja hazikuhesabiwa kwa sababu zilitobolewa wagombea zaidi ya mmoja, na Bush alichukua Florida, na urais wenyewe, kwa tofauti ya kura 537.

Hapo hakuna aliyeghushi hata karatasi moja. Tunaongea sana kuhusu namba za mfululizo na alama zinazoonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga, na ni muhimu kweli maana ndo zinazuia karatasi za kuchapisha uchochoroni, lakini mzee aliyechanganywa na mpangilio naye kaibiwa kura yake, mi naona hivyo.

Huku kwetu picha na alama zimebeba mzigo mkubwa toka zamani kwa sababu si kila mtu alijua kusoma. Mwaka 1965 TANU, chama pekee Tanzania Bara wakati ule, ilipoweka wagombea wawili wawili majimboni, mmoja alipewa jembe mwenzake nyumba. Na picha ikikosewa ujue uchaguzi umeharibika, Kenya 2022 karatasi za ugavana za Mombasa na Kakamega zilikuja na picha zisizo sahihi, ikabidi uchaguzi wa huko uahirishwe hadi 29 Agosti.

Hata kukunja kuna mambo yake. Wino mbichi ukikunja karatasi unagusa upande wa pili, halafu anayehesabu anaona alama mbili. India wakatengeneza muhuri wa mishale iliyopinda upande mmoja, ukijinakili kwenye mkunjo unatokea umegeuka kama kwenye kioo, kwa hiyo wanajua ipi ni halisi.

Ila kinachonigusa zaidi ni jalada la wasioona. Karatasi inaingizwa ndani ya kadibodi yenye vidirisha, kila kidirisha kimekaa sawasawa juu ya kiboksi cha mgombea mmoja, pembeni kuna nundu: moja, mbili, tatu, mtu anapapasa, anahesabu, anaweka tiki mwenyewe. Viboksi vikipangwa ovyo ovyo hata milimita chache, jalada halikai, kwa hiyo hili linatakiwa kufikiriwa siku karatasi inachorwa, sio wiki ya uchaguzi. Jalada likikosekana inabidi amnong'oneze mtu mwingine jina la anayemtaka, halafu aamini tu kwamba tiki imewekwa pale pale aliposema.